Velites, Wapiga Kombeo au Wanumidia: Askari Wepesi wa Kuanza Nao katika Jeshi la Kirumi la Mezani

Mchezaji wa vita vya mezani aliyekwisha kuwapanga hastati, principes na triarii wake, yaani safu tatu za askari wazito wa Kirumi, ngao zimepakwa rangi na safu zimenyooka, hufika mahali akahisi kwamba jeshi lake linapigana kwa namna moja tu. Adui anasogea, safu mbili zinakutana, dadu zinarushwa, na vita vyote vinakuwa vya kusukumana. Hapo ndipo linapozuka wazo la kuwaongeza askari wepesi, yaani wale waliotangulia mbele ya lejioni, wakamchokoza adui kwa mikuki ya kurusha, kisha wakarudi nyuma kabla hajawafikia. Wazo hilo linazaa maswali mawili yasiyoachana: ni vijisanamu vya askari gani viongezwe kwanza, na ni kanuni zipi za nyumbani zitakazowafanya wapigane mezani kama walivyopigana wenyewe? Katika kuyalinganisha yote nitashikilia jambo moja ambalo vita vingi vya mezani vimenithibitishia: thamani ya askari mwepesi haimo katika idadi ya maadui anaowaangusha, bali katika uwezo wake wa kuondoka. Kijisanamu au kanuni isiyousaidia uwezo huo, hata iwe ya kuvutia namna gani, inaweza kusubiri.

Kwanza mwaka, ndipo vijisanamu

Kabla ya kununua chochote, mchezaji aamue jeshi lake ni la mwaka gani, kwa sababu askari wepesi wa Roma hawakuwa walewale katika karne zote. Mwanahistoria Titus Livius, anapoeleza jeshi la mwaka wa 340 KK, anawataja leves, askari 20 katika kila manipulo (kikosi kidogo ndani ya lejioni) ya hastati, wenye mkuki mmoja wa kushika na mingine ya kurusha. Polybius, mwanahistoria aliyeandika katika karne ya 2 KK, anaeleza velites, yaani askari wepesi wa Kirumi, walioiva kabisa, wakiwa na silaha zao maalumu na kazi yao inayojulikana. Mwishoni mwa karne hiyohiyo, baada ya vita dhidi ya Jugurtha, mfalme wa Numidia, velites wanatoweka katika maandishi, na anapofika Caesar kazi ya kuchokoza imeshakabidhiwa wageni: mwaka wa 57 KK aliwatuma Wanumidia, wapiga upinde wa Krete na wapiga kombeo wa visiwa vya Balearic wakauokoe mji wa Bibrax uliokuwa umezingirwa. Kwa hiyo mwenye jeshi la Caesar au la wafalme wakuu waliomfuata asinunue velites hata kama sanduku lao limepambwa vizuri, na mwenye jeshi la zama za Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma, asianze na wapiga upinde. Ulinganisho unaofuata unamhusu zaidi huyu wa pili, kwa kuwa ndiye mwenye uchaguzi mpana na ndiye anayekosea mara nyingi.

Velites wakilinganishwa na wageni

Kwa jeshi la zama hizo nasema bila kusita: anza na velites. Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Katika lejioni ya watu 4,200 anayoieleza Polybius, hastati ni 1,200, principes ni 1,200, triarii ni 600, na 1,200 waliobaki, ambao ndio vijana na maskini kuliko wote, ni velites. Ukiamua kwamba kijisanamu kimoja kinasimama badala ya watu 50, lejioni nzima inahitaji vijisanamu 84, na 24 kati ya hivyo ni velites, idadi ileile ya hastati. Wachezaji wengi huweka sita au wanane mbele ya safu kama mapambo, halafu wanalalamika kwamba askari wepesi hawana maana katika mchezo. Sita hawawezi kuifunika safu ya ishirini na wanne. Adui anapita pembeni yao kama anayepita penye uzio wenye mapengo.

Sababu ya pili ni sura yao, ambayo inamfundisha mpakaji rangi mengi kuhusu vita vyenyewe. Velites hawakuvaa deraya. Walikuwa na upanga, mikuki ya kurusha, na ngao ya mviringo iitwayo parma yenye kipenyo cha futi tatu, na juu ya kofia isiyo na mapambo baadhi yao walifunika ngozi ya mbwa mwitu ili viongozi wao wamtambue kwa mbali apiganaye kwa ushujaa. Mkuki wao, anasema Polybius, ulikuwa na mpini wa dhiraa mbili, mnene kama kidole, na ncha yenye urefu wa shubiri moja iliyofuliwa ikawa nyembamba kiasi cha kupinda mara ya kwanza inapogonga, ili adui asiweze kuuokota na kuurudisha. Ukiupunguza mkuki huo kufikia kipimo cha vijisanamu vya milimita 28, unapata kitu chenye urefu wa milimita 20 hivi, na parma inakuwa na upana wa takriban milimita 15. Linganisha vipimo hivyo na vijisanamu vilivyomo sandukuni: mara nyingi ngao itakuwa sawa, lakini mikuki itakuwa mirefu na minene kupita kiasi, kwa sababu plastiki nyembamba huvunjika. Mimi huikata ile ya sandukuni, nikatoboa ngumi ya kijisanamu kwa keekee ya mkono, nikapitisha kipande cha waya wa chuma nilichokipondaponda ncha yake kwa nyundo ndogo hadi kikawa bapa. Mmoja mkono wa kulia, miwili au mitatu mkono wa kushoto nyuma ya ngao. Kazi hiyo huchukua jioni mbili kwa kikosi kizima, na ikiisha mtu yeyote aliyeketi mezani anaelewa kwa macho kwamba hawa si watu wa kusimama wakapigana kifua kwa kifua.

Wapiga kombeo wa Balearic wana mvuto wa aina nyingine. Mwanahistoria Diodorus anaeleza kwamba walibeba makombeo matatu, moja limezungushwa kichwani, jingine kiunoni, na la tatu mkononi, na mchongaji mzuri huyaonyesha yote matatu. Nguo zao ni chache, kwa hiyo kuwapaka rangi ni kazi nyepesi kuliko velites wenye ngozi za mbwa mwitu. Masafa yao ni marefu kuliko ya mkuki wa kurusha, unaofaa kwa makumi ya mita tu. Tatizo ni upande wao. Katika vita vya Zama, mwaka wa 202 KK, Wabalearic walisimama katika safu ya kwanza ya Hannibal pamoja na Waliguria, Wakelti na Wamauri. Roma iliviteka visiwa vyao baadaye sana, katika kampeni iliyoanza mwaka wa 123 KK, ambapo jemadari Metellus alilazimika kutandika ngozi juu ya merikebu zake ili mawe ya kombeo yasiwaumize watu wake. Mwenye jeshi la Scipio, jemadari wa Kirumi aliyemshinda Hannibal hapo Zama, anayenunua Wabalearic amewanunua maadui. Hata hivyo, kama unapenda kumiliki pande zote mbili ili mgeni akija akute meza tayari, hapa pana faida ya kweli: vijisanamu vilevile vitamtumikia Hannibal leo na Caesar kesho, jambo ambalo velites hawawezi kulifanya.

Wapiga upinde nitawapitia haraka. Ushahidi wa kuwaweka wachache katika jeshi la zama za Cannae, ushindi mkubwa wa Hannibal, upo, kwani mwaka wa 216 KK mfalme Hiero wa Syracuse aliwapelekea Warumi wapiga upinde na wapiga kombeo 1,000. Lakini mezani wapiga upinde humshawishi mchezaji awaache wamesimama mahali pamoja wakitupa mishale zamu baada ya zamu, na hawabadilishi chochote katika namna jeshi lake linavyosogea. Nane wanatosha, na wanunuliwe mwisho.

Wanumidia, wapanda farasi wa Afrika Kaskazini, ndio washindani halisi wa velites. Walipanda farasi wadogo bila hatamu wala tandiko, wakarusha mikuki, wakakimbia, wakarudi tena. Kwa upande wa Roma wanafaa kuanzia pale Masinissa, mkuu wao, alipohamia kwa Scipio. Polybius anasema alifika Zama akiwa na wapanda farasi 4,000 na askari wa miguu 6,000. Hakuna kijisanamu kinachoonyesha mwendo wa vita vyepesi vizuri kuliko hiki, na kanuni ya kuondoka inaonekana kwao waziwazi kuliko kwa mtu wa miguu. Mambo mawili yananifanya niwaweke nafasi ya pili. La kwanza ni kwamba mpanda farasi mmoja, akiwa na farasi wake, huchukua karibu mara mbili ya muda wa kupaka rangi askari wa miguu. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni meza. Juu ya meza ya sentimita 120 kwa 120, kikosi cha Wanumidia hurudi nyuma mara moja tu kabla ya kugonga ukingo, na baada ya hapo kinageuka kuwa kikosi dhaifu cha wapanda farasi kilichokwama pembeni. Mwenye meza ya sentimita 180 kwenda juu anaweza kuugeuza uamuzi wangu akaanza nao, wala sitamlaumu.

Kuhusu plastiki na madini sina mengi. Plastiki inakatika na kuunganishwa kwa urahisi, kwa hiyo inamfaa anayetaka kubadilisha mikono na mikuki. Vijisanamu vya madini ni vizito na vinasimama imara, lakini mikuki yake hupinda kila vinaposhikwa. Kwa askari wepesi, ambao husogezwa kuliko wote mezani, vyote viwili hufaa ikiwa waya umechukua nafasi ya mkuki wa asili.

Suala la vitako linastahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua kanuni. Kitako kimoja kimoja cha mviringo chenye milimita 25 kinakuruhusu kumwondoa askari mmoja mmoja na kuwatawanya wengine kati ya vichaka na mawe, na kwa mchezo mdogo wa mapigano ya watu 30 kila upande sioni kitu kinachokishinda. Kwa vita vikubwa, kusogeza vitako 24 kila zamu huchosha wachezaji wote wawili, na mchezo unaopaswa kuwa na mwendo unakuwa mzito hasa pale unapotakiwa kuwa mwepesi. Hapo ni bora vitako vya milimita 60 vyenye vijisanamu viwili au vitatu vilivyopangwa ovyo makusudi, mmoja akiinama, mwingine akirusha, na nafasi wazi katikati yao, kwa kuwa ile nafasi wazi ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hii si safu.

Kanuni za nyumbani: chache, na kila moja kwa sababu yake

Seti nyingi za kanuni za vita vya kale huwapa askari wepesi alama ndogo ya kupigana na masafa mafupi ya kurusha, kisha zinawaacha hapo. Mchezaji anayetaka kuzirekebisha hukimbilia kuwaongezea nguvu ya kurusha. Nimejaribu njia hiyo na siipendekezi: velites wenye dadu nyingi wanakuwa silaha ya kuua, mwenyewe anawasimamisha mbele mpaka wafe, na hastati nyuma yao wanabaki watazamaji. Kanuni zinazofaa ni zile zinazoulizia lini warudi, warudi kwa njia gani, na wakisharudi wamebakiwa na nini.

Ya kwanza ni idadi ya mikuki, na hapa njia mbili zinalinganishwa. Njia ya dadu husema kwamba kila kikosi kikirusha na dadu ikaonyesha moja, mikuki imekwisha. Njia ya kete huweka kete tatu, yaani vipande vidogo vya kuhesabia, kando ya kila kikosi, na kila kurusha kunaondoa kete moja. Dadu ina mshangao na haihitaji vitu vya ziada mezani, lakini inaweza kumnyima mtu mikuki katika zamu ya kwanza au kumwachia mpaka mwisho wa mchezo, na yote mawili yanauharibu uamuzi ambao kanuni ilikusudia kuuleta. Mimi nachagua kete. Idadi ya tatu si idadi halisi ya mikuki. Livius anasema velites waliofundishwa kupanda nyuma ya wapanda farasi huko Capua mwaka wa 211 KK walibeba mikuki saba kila mmoja. Tatu ni vipindi vya kurusha, na vinatosha kumfanya mchezaji ajiulize kila mara kama adui aliye mbele yake anastahili kete hiyo.

Uzito wa swali hilo niliuona tulipocheza Trebia, vita vya Desemba mwaka wa 218 KK. Polybius anaeleza kwamba velites wa jemadari wa Kirumi Sempronius walikuwa wamekwisha kutumia sehemu kubwa ya mikuki yao kwa kuwafukuza Wanumidia asubuhi, na iliyobaki iliharibiwa na unyevu, hivyo vita vyenyewe vilipoanza hawakuwa na msaada. Mwenzangu aliyewaongoza Wakarthago alituma vikosi viwili vya wapanda farasi mbele, akavirudisha, akavituma tena. Nilirusha mara mbili nikifurahia kumwona akirudi nyuma. Safu yake ya askari wa miguu ilipotokeza kutoka nyuma ya mto nilikuwa na kete moja tu kwa kila kikosi, na ndovu walikuwa bado hawajasogea. Hakuna aliyekuwa amenieleza Trebia kwa namna hiyo. Kete tatu za mbao zilinieleza.

Ya pili ni njia ya kurudi. Seti nyingi zinawaruhusu askari wepesi wapite katikati ya wenzao bila kizuizi, kana kwamba hastati ni ukungu. Hiyo ni rahisi na haileti ubishi. Njia nyingine inamtaka mchezaji aache mapengo halisi kati ya manipulo zake, upana wa kitako kimoja, na velites wapite humo tu. Nimeipenda njia hii ya pili kwa sababu inaleta maamuzi kabla vita havijaanza: mapengo yanawafaa velites, lakini yanamfaa pia adui mwenye haraka. Pale Zama, Scipio aliziweka manipulo zake moja nyuma ya nyingine badala ya kuzipishanisha kama ilivyokuwa desturi, akaijaza njia iliyobaki kwa velites, akawaagiza waanzishe mapigano na wakilemewa na ndovu warudi kupitia njia hizo. Hannibal alikuwa na ndovu zaidi ya 80. Meza isiyo na mapengo halisi haiwezi kuuonyesha mpango huo hata kidogo. Kanuni yenyewe ni fupi: velites wanaoshambuliwa wanaweza kuondoka kabla ya kuguswa, kwa mwendo wao wa kawaida pamoja na sentimita chache zinazoamuliwa na dadu, wakifika penye pengo wanapita, wakikosa pengo wanavuruga manipulo iliyo nyuma yao, nayo inapoteza zamu moja. Baada ya kupita hawarushi mpaka zamu inayofuata. Kama unacheza na mgeni kwa mara ya kwanza, tumia ile ya kupita bila kizuizi na uiache hii mpaka ameshika mwendo wa mchezo.

Ya tatu ni ya hali ya hewa, na ningeitumia katika vita maalumu tu. Trebia tumekwisha kuitaja. Katika vita vya Magnesia, mwaka wa 190 KK, Livius anasimulia kwamba unyevu wa asubuhi ulilegeza nyuzi za pinde, makombeo na kamba za mikuki ya jeshi la Antiochus, mfalme wa Syria, huku silaha za Warumi, ambazo nyingi zilikuwa za kushika mkononi, zikidhurika kidogo. Kwa hiyo siku ya mvua au ukungu, masafa ya pinde na makombeo yapunguzwe nusu, na kila kikosi cha velites kianze na kete mbili badala ya tatu. Utaona kwamba kanuni hii inawaumiza wapiga upinde na wapiga kombeo kuliko velites, jambo linaloongeza sababu nyingine ya kutowategemea wageni hao peke yao.

Ongeza kanuni moja, cheza vita vilevile mara mbili mkibadilishana pande, na ndipo uongeze nyingine. Zikiingizwa zote kwa pamoja, hamtajua ni ipi iliyowapa ushindi na ni ipi iliyowachosha.

Ya mwisho ni ile ya ngozi ya mbwa mwitu, ambayo naipenda kuliko zote lakini siwezi kuitanguliza. Katika kila kikosi, kijisanamu kimoja chenye ngozi hupakwa rangi kwa uangalifu kuliko wenzake. Ikiwa kiongozi wa Kirumi yuko ndani ya sentimita 20 na anaweza kukiona kikosi hicho bila kuzibwa na kilima au miti, mchezaji anarusha upya dadu moja iliyokosa, mara moja katika mchezo mzima. Faida ni ndogo sana, lakini inamfanya jemadari asogee mbele kuliko alivyokusudia, na adui mwenye akili huanza kumtafuta jemadari huyo. Ili kumpaka, anza na kahawia iliyochanganywa na nyeusi kwenye ngozi yote, pitisha brashi kavu yenye kijivu juu ya manyoya, kisha acha masikio na pua vibaki vyeusi, ili kichwa cha mnyama kitambulike mtu akiwa amesimama upande wa pili wa meza.